Bomba la Moshi la Mwalimu wa Sayansi

Nimefundisha sayansi kwa miaka kumi na tisa. Naweza kukuchorea ubaoni, bila kutazama kitabu, jinsi hewa ya moto inavyopanda na ya baridi inavyoshuka, na mishale yangu hunyooka hata bila rula. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba yaliyotokea nyumbani kwangu hayakutokana na kukosa elimu. Yalitokana na mimi.

Tulikuwa tumehamia mlimani, mke wangu alipopata kazi ya ukarani katika kiwanda cha mbao. Nyumba ilikuwa nzuri: vyumba vitatu, dari ya mbao, paa la bati, na baridi ambayo asubuhi iligandisha mafuta ya kupikia ndani ya chupa. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kukaa nasi miezi mitatu baada ya kupasuliwa goti, na daktari alikuwa amesema asikae kwenye baridi. Mke wangu akanunua jiko la kuni la chuma, zito, lenye miguu minne mifupi na mlango wa kioo. Lililetwa na wanaume wanne, wakaliweka sebuleni, wakaondoka wakishika viuno.

Sasa, mdogo wa kike wa mke wangu ni fundi wa mabomba ya moshi. Ndiyo kazi yake. Amefunga mabomba ya mahoteli, ya viwanda vya mikate, ya shule. Mjini wanamwita Masizi, naye hakasiriki. Jina hilo amelipaka rangi nyeupe kwenye mlango wa gari lake. Alipita siku hiyo hiyo, akalizunguka jiko mara moja, akatazama dari.

"Shemeji, nipe siku mbili," akasema. "Wiki hii niko kwenye tanuri la mikate, lakini wiki ijayo nakuja. Usiliguse."

"Siku mbili za nini? Moshi wenyewe unajua njia."

"Moshi haujui chochote. Unakwenda unakopelekwa."

"Hiyo ni sayansi, shemeji. Hapo umenikuta nyumbani."

Mke wangu akacheka. Hakucheka sana, kilikuwa kicheko kidogo tu cha puani. Lakini mwanamume anaweza kujenga bomba zima la moshi kwa sababu ya kicheko kama kile. Jumamosi, mke wangu akiwa sokoni, nikaenda dukani nikanunua mabomba ya bati jembamba, msumeno, na glavu ambazo baadaye niligundua zote mbili ni za mkono wa kushoto.

Nikueleze nilivyofanya, maana bado najivunia kidogo, Mungu anisamehe. Juu ya jiko kulikuwa na boriti. Mtu mwingine angelisogeza jiko, lakini mimi nilikumbuka vile viuno vya wale wanaume, nikaamua bomba ndilo lipinde: kulia, juu, kushoto, juu tena. Kona nne. Likawa kama mtu anayejaribu kujikuna katikati ya mgongo. Vipande niliviunganisha kwa kuvalisha cha juu nje ya cha chini, kama mtu anavyovalisha kofia, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa aliyesimama juu ya stuli. Tundu la dari nililikata sawasawa na bomba, limebana kabisa, hata wembe usingepita. Lile tundu nililiangalia muda mrefu. Nilitamani mtu aje alione.

Tatizo lilikuwa paa. Mimi naogopa urefu. Nikisimama juu ya kiti kubadilisha balbu, magoti yananiimbia. Kwa hiyo bomba lilipochomoza nje ya bati kwa urefu wa mkono mpaka kiwiko, chini kabisa karibu na ukingo wa paa, nikasema panatosha. Nikalifunika kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu, nikashuka kwa makalio.

Mama mkwe akafika Jumapili. Tukamkalisha kwenye kiti kizuri, mguu juu ya stuli, nami nikapiga kiberiti mbele ya wote kama mtu anayefungua daraja. Moto ukashika. Moshi ukaingia bombani, ukafika kona ya kwanza, ukafikiria, ukarudi. Baada ya dakika tano hatukuwa tunaonana.

"Mama, bomba ni jipya," nikasema nikikohoa. "Bado linazoea."

"Na goti langu ni jipya," akasema kutoka ndani ya wingu, "lakini halitoi moshi."

Mke wangu akafungua madirisha yote. "Nimwite mdogo wangu?"

"Nipe wiki moja," nikamwambia.

Wiki hiyo niliiomba mara tatu. Lakini sikukaa bure. Nilifanya majaribio. Ndani ya bomba, karibu na jiko, kulikuwa na kisahani cha kuzungusha, cha kupunguza nguvu ya moto, na nikagundua kwamba nikikizungusha karibu kifunge kabisa na kuacha kuni ziungue polepole bila ndimi za moto, moshi unaoonekana unapungua. Nikafurahi. Kuni zenyewe nilizipata bure kiwandani kwa mke wangu, vipande vya miti iliyokatwa juzi, bado vina maji, vinatoa povu na kupiga mluzi jikoni. Tatizo la pili likaanza: kwenye kila kiungo cha bomba kukawa kunatona maji meusi, mazito kama lami, yenye harufu ya nyama iliyosahauliwa motoni. Tone moja liliangukia kitambaa cheupe cha meza. Nikafunga makopo kwa waya chini ya kila kiungo.

"Mwalimu," akasema mke wangu. Yeye huniita Mwalimu akiwa amechoka nami tu. "Jiko letu linakojoa."

"Ni mvuke unaoganda. Ni jambo la kawaida."

"Kwa hiyo tunalifunga nepi?"

Kisha Mama akalalamika kwamba upepo unapenya dirishani na kumpiga gotini. Hilo niliweza kulitatua. Nikaziba nyufa zote za madirisha kwa karatasi za mazoezi ya wanafunzi, nikaweka taulo chini ya mlango, nikabandika utepe kwenye tundu la hewa lililokuwa juu ya ukuta. Nikapima kwa kipimajoto. Sebule ilikuwa imepanda nyuzi tatu. Nikachora jedwali, nikalibandika kwenye friji, mke wangu aone.

Tukafika likizo ya shule. Siku ya Jumatano mke wangu alikwenda kazini, mimi na Mama tukabaki sebuleni. Baada ya chakula cha mchana yeye akasinzia kitini, nami nikaketi mezani na rundo la mitihani ya kidato cha pili. Moto ulikuwa chini, kisahani kimefungwa, nyumba imezibwa kama mtungi. Nilijiona mtu mwenye mambo yaliyonyooka.

Swali la nne nililitunga mwenyewe. Lilisema: *Taja dalili nne za mtu aliyevuta hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha.* Alama nne.

Nikaanza kusahihisha huku kichwa kikiniuma. Nikalaumu miandiko. Mwanafunzi wa kwanza aliandika "kuumwa kichwa," nikampa alama. Wa pili akaandika "kichefuchefu," nami nikameza mate nikimlaumu samaki wa mchana, nikampa alama. Wa tatu akaandika "kizunguzungu na mwili kukosa nguvu." Nikampa mbili, na peni ikaniponyoka, na ilinichukua muda kuamua kama inafaa kuiokota. Nakumbuka vizuri karatasi ya nne. Ya binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye haongei. Aliandika: "Mtu huchanganyikiwa hata hukataa kusaidiwa." Nikapiga mkasi mwekundu wa kosa, nikaandika pembeni: *Hii si dalili, hii ni tabia.*

Wakati huo nilikuwa nimeshaita "Mama" mara mbili kumuuliza kama anataka chai, na hakuitika. Nikasema moyoni, anastahili usingizi.

Mlango ukasukumwa. Taulo likakwama, ukasukumwa tena kwa bega. Shemeji alikuwa ameleta dawa za goti. Alisimama kizingitini kitambo kifupi tu. Akatazama makopo, kisahani, madirisha yaliyojaa karatasi, mama yake aliyeinamisha shingo.

"Tokeni nje."

"Shemeji, karibu. Funga mlango, joto linatoka."

"Nimesema toka nje! Sasa hivi!"

"Subiri nimalize hii karatasi."

Nilisema hivyo. Nasikia aibu mpaka leo kuiandika, lakini nilisema hivyo, na nilikuwa nimeshika karatasi ile ile. Shemeji alimkumbatia Mama chini ya mapaja na mgongoni, akambeba kama mtoto, goti jipya na yote, akamtoa uani. Akarudi, akanishika ukosi wa shati, akaniburuta. Miguu yangu haikunisaidia hata kidogo. Nililala juu ya nyasi, nikaona mawingu, nikatapika kwenye maua ya mke wangu.

Mama alikuwa amelala karibu nami, midomo yake haina rangi. Shemeji alikuwa amepiga magoti, anamwita, "Mama. Mama. Fungua macho, Mama," na sauti yake, ambayo sijawahi kuisikia ikitetemeka, ilikuwa inatetemeka. Halafu Mama akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akasema kwa unyonge, "Mbona mmenitoa nje na baridi hii?" Shemeji akalia. Mimi pia nikalia, lakini kwa kuwa nilikuwa bado natapika, hakuna aliyeona tofauti.

Alitupakia garini akatupeleka hospitali madirisha yote yakiwa wazi. Tukalazwa vitanda viwili vilivyo jirani, kila mmoja amefunikwa mdomo na pua, tunavuta oksijeni. Daktari alikuwa kijana mwenye sura ya upole. Aliuliza maswali, akaandika, akatikisa kichwa.

"Mna bahati sana," akasema. "Hii hewa haina harufu wala rangi. Watu wengi hawajui. Wewe mzee unafanya kazi gani?"

"Mwalimu," nikasema.

"Wa somo gani?"

Nikatazama dari.

"Historia," nikasema.

Kwenye kitanda cha pili, mama mkwe wangu akainua kile kifuniko cha oksijeni kwa vidole viwili.

"Sayansi," akasema, akakirudisha.

Mke wangu alifika akikimbia, bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Alimshika mama yake uso, kisha akaja kwangu, akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Hakuniita Mwalimu. Hakuniita chochote. Ningependelea aniite.

Kesho yake waliniruhusu. Mama wakabaki naye siku mbili zaidi. Nilimkuta shemeji sebuleni amelivunja bomba langu lote. Vipande vilikuwa vimepangwa juu ya magazeti, na ndani vyote vilikuwa na utando mweusi unaong'aa, mnene kama ganda la yai la mbuni. Nilidhani atanigombeza. Nilikuwa nimeandaa hata majibu.

"Panda huku," akasema kutoka darini.

"Naogopa urefu."

"Panda."

Nikapanda. Alikuwa amechuchumaa kando ya tundu langu, lile la wembe. Akachukua mkono wangu, akauweka juu ya boriti lililokuwa limegusana na bomba. Liliporomoka chini ya vidole. Lilikuwa makaa. Upande mzima, kina cha dole gumba, mbao ilikuwa imegeuka mkaa mweusi, mkavu, wenye nyufa.

"Huu utando wa bombani unashika moto kama petroli," akasema kwa utulivu. "Siku moto ungekolea, ungewaka kutoka chini mpaka juu. Bati lako jembamba lingekuwa jekundu. Na hii mbao ilishajiandaa, shemeji. Ilikuwa inaungua polepole kila siku, mmekaa chini yake mnakunywa chai."

Nikakaa pale pale juu ya kenchi za paa, na hofu ya urefu ikaniacha, kwa sababu nilikuwa nimepata hofu kubwa zaidi. Nilifikiria mke wangu amelala chumba cha pili. Nikasema, "Nilitaka tu asinicheke."

"Nani?"

"Dada yako. Alicheka siku ile."

Shemeji akajipangusa masizi mikononi. "Dada yangu hucheka hata kwenye mazishi," akasema. "Nipe ule msumeno."

Kazi ilichukua siku mbili, kama alivyosema. Mimi nilikuwa mshika ngazi. Jiko likasogezwa mpaka pasipo na boriti juu yake, mbali na ukuta, likawekwa juu ya vigae. Bomba likapanda moja kwa moja bila kona hata moja. Safari hii kila kipande cha juu kiliingia ndani ya cha chini, ili maji yakitona yarudi jikoni yakaungue badala ya kutafuta kitambaa cha meza, na kila kiungo kikakazwa kwa skrubu tatu. Mahali pa kupita darini akafunga bomba nene la kuta mbili, lililojazwa kitu cha kuzuia joto, akakata tundu kubwa kiasi kwamba kiganja changu kilipita kati ya bomba na mbao pande zote.

"Tundu limekuwa kubwa mno," nikasema, kwa mazoea.

Akanitazama. Nikashika ngazi.

Juu ya paa bomba likapanda mpaka likazidi kilele cha nyumba kwa urefu wa mkono mzima, likafungwa nyaya, likavishwa kofia yenye wavu wa kuzuia ndege. Zile kuni mbichi alizirundika kwenye kibanda, akaandika ukutani kwa chaki: *Mwakani*. Akaleta nyingine, nyepesi, ambazo ukizigonganisha zinalia kama sahani. Mwisho akafunga ukutani kidude cheupe kinachopiga kelele hewa ikiharibika, akaondoa karatasi zangu zote madirishani, akafungua tundu la hewa.

Mama aliporudi, tulimkalisha kiti kile kile. Safari hii aliyepiga kiberiti ni shemeji. Moto ukanguruma kidogo, kioo kikang'aa, na moshi ukaondoka zake kama mgeni mwenye adabu. Nikapiga goti mbele ya mama mkwe wangu.

"Mama, naomba unisamehe. Nilikaribia kukuua kwa ajili ya kiburi."

"Nilikusamehe siku ile uliposema historia," akasema. "Nilicheka mpaka kile kitu cha mdomoni kikajaa ukungu. Nesi akaja mbio akidhani nakata roho." Kisha akaacha kucheka, akanishika kichwa. "Lakini mwanangu, ukiambiwa usiguse kitu, usiguse."

Shule zilipofunguliwa nilimwita yule binti wa dawati la nyuma. Nikamwonyesha karatasi yake. Nilikuwa nimefuta mkasi, nimempa alama, na nyingine ya ziada. Akauliza, kwa sauti ndogo, amepata wapi ya ziada. Nikamwambia kwa sababu jibu lake limethibitishwa kwa majaribio. Akaniangalia kama watoto wanavyomwangalia mtu mzima anayehitaji kupumzika, akasema asante.

Kulisafisha bomba kukawa zamu yangu. Shemeji alinionyesha: kila baada ya miezi miwili nichungulie kwa tochi, na masizi yakifikia unene wa sarafu mbili yafagiliwe; na hata yasipofikia, kufagia kuko pale pale mara moja kwa mwaka kabla ya baridi. Akanipa brashi ya waya yenye mipini ya kuunganisha, akanifunga kamba kiunoni.

Asubuhi ya kwanza nilipanda mbele ya familia nzima. Nilifika juu, nikavua kofia ya bomba, nikasukuma brashi chini, nikavuta, nikasukuma. Nilifanya vizuri kabisa mpaka nilipotazama chini. Hapo nikalikumbatia bomba kwa mikono miwili, shavu juu ya bati, na sikuweza kusogea.

"Shemeji, shuka," akaita Masizi. "Kamba imekaza, huanguki."

"Najua. Naangalia mandhari."

"Umefumba macho!" akaita mke wangu.

Nilikaa pale nusu saa. Mama mkwe akatoka na mkongojo wake, akasimama katikati ya ua, akaniamuru nishuke kwa sauti ambayo naamini aliitumia kwa mabinti zake walipokuwa wadogo. Miguu ikatii kabla yangu. Nilishuka kwa makalio, suruali ikachanika kutoka mfuko hadi mfuko, na brashi niliyoisahau ikateleza ikaanguka ndani ya bomba, ikatua jikoni kwa kishindo. Ulikuwa mchango wangu mkubwa zaidi siku hiyo, kwa sababu ilikuja na masizi yote yaliyobaki. Nilikuwa nimefunga mlango wa jiko na kuuziba kwa kitambaa chenye maji, kama nilivyofundishwa. Hata chembe moja haikumwagika sebuleni.

Shemeji akayazoa kwenye ndoo: masizi makavu, mepesi, kama unga, hayakufika hata robo. Akayachota kwa vidole, akayapuliza.

"Haya ni ya moto mzuri," akasema.

Mke wangu akanishika mkono, akaniongoza ndani kwa upande wa nyuma wa nyumba, ili majirani wasione suruali.